Kabla ya Kununua Springi, Pima: Majibu kwa Wenye Pick-up za Zamani

Kila mwaka mvua zinapokatika mwezi wa Mei na njia za kushushia viazi na mbao zinapoanza kukauka, barua zinazofika katika safu hii huacha habari za injini na kugeukia springi. Safari hii nimechagua nne. Tatu kati yake zina upungufu mmoja: mwandishi anasema gari limepanda au limelala kwa kiasi fulani, lakini hasemi amepima kutoka wapi hadi wapi, au gari lilikuwa limebeba nini siku hiyo. Bila mambo hayo mawili namba yenyewe haina maana, na fundi anayejibu huwa anabahatisha. Kwa hiyo jibu la barua ya kwanza ni refu kuliko mengine, maana linabeba maelezo ya upimaji ambayo waulizaji wengine nao watayahitaji.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Land Cruiser pick-up ya mwaka 1994 yenye springi za pleti mbele na nyuma. Hupanda Matamba ikiwa tupu na kushuka Chimala ikiwa na viazi. Mwaka huu nilinunua seti nzima ya springi mpya, na muuzaji aliniambia zinanyanyua gari kwa milimita 50. Siku ya kuzifunga nilibadilisha pia matairi yaliyokwisha, nikavika mapya ya saizi ileile ya 7.50R16. Nilikuwa nimepima kutoka chini hadi kwenye bodi kabla ya kazi, na nilipopima tena nikakuta gari limepanda milimita 92 nyuma na 61 mbele. Sasa pua imeinama, na likiwa tupu linarusha abiria mpaka dereva analalamika kiuno. Fundi anasema nimeuziwa springi za lori. Nizirudishe? — Msomaji, Matamba.

JIBU: Marahaba. Usizirudishe bado, wala usigombane na muuzaji mpaka tumalize hesabu, kwa sababu katika hizo milimita 92 kuna mambo kadhaa yamechanganyika, na springi ni sehemu yake tu.

Anza na matairi. Tairi jipya la njia mbovu lina mifereji yenye kina cha milimita 14 hivi, na lile ulilovua, kama lilikuwa limebakiza 3, lilikuwa fupi kwa milimita 11 kuanzia katikati ya gurudumu hadi ardhini. Ulipopima kutoka chini, milimita hizo 11 ziliingia katika hesabu yako mbele na nyuma, ingawa springi hazikuhusika nazo hata kidogo. Ziondoe. Mbele unabakiwa na 50, yaani ileile namba uliyoahidiwa. Nyuma unabakiwa na 81, na hapo ndipo palipo na jambo la kuchunguza.

Muuzaji anaposema milimita 50, anahesabu kutoka kimo ambacho gari lilikuwa nacho lilipotoka kiwandani. Wewe umehesabu kutoka kimo cha springi za nyuma ambazo zimebebeshwa viazi kwa karibu miaka 30, na springi za namna hiyo huwa zimelala. Springi za mbele, ambazo kazi yake kubwa ni kubeba injini isiyoongezeka uzito, huchelewa kulala, na ndiyo maana namba yako ya mbele imetoka safi. Tena kuna jambo la tatu. Springi za nyuma zinazouzwa kwa pick-up za kazi hutengenezwa kwa kudhani kwamba kuna mzigo fulani ulio juu yake wakati wote, na milimita 50 zinazotajwa hupatikana mzigo huo ukiwapo. Gari likiwa tupu, springi hiyohiyo hulisimamisha juu zaidi. Kwa hiyo zile milimita 31 zilizozidi zinagawana kati ya uchovu wa springi za zamani na utupu wa bodi lako. Ili kujua kila upande unachukua ngapi, tafuta Land Cruiser ya aina ileile ambayo haikuwahi kubebeshwa mizigo, ipime, kisha linganisha. Ila mpime magari yote mawili kwa namna moja.

Namna yenyewe ni hii. Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa. Uwanja wa kituo cha mafuta unafaa, uwanja wa nyumbani kwa kawaida haufai. Jaza upepo matairi yote kwa kipimo kinachotakiwa, toa mzigo, shusha abiria, na andika tangi la mafuta lina kiasi gani, kwa kuwa lita 80 za dizeli ni zaidi ya kilo 65. Lisukume gari mbele na nyuma mita chache ili springi na matairi yakae yanavyotaka yenyewe, kisha liache bila kuvuta breki ya mkono, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Chukua uzi, funga nati nzito upande mmoja, na upande wa pili ubandike kwa gundi ya karatasi kwenye ukingo wa fenda, uzi uning'inie kama timazi la fundi mwashi na kupita katikati kabisa ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, ukifuata uzi huo. Kipimo cha habu hadi fenda hakijali tairi ni jipya au limekwisha, wala kama halina upepo wa kutosha, na hilo ndilo linalokifanya kiaminike. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, andika, lisukume gari tena, upime tena, mara tatu. Pleti za springi husuguana, na gari linaweza kusimama juu au chini kidogo kulingana na lilivyofika pale. Ukiona vipimo vitatu vya gurudumu moja vinapishana kwa zaidi ya milimita 5, ujue kuna mahali panapokwama, mara nyingi kwenye bushi (raba za ndani ya macho, yale matundu ya mviringo ya ncha za springi) au sheko, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika jicho moja la springi na kuliacha licheze.

Kuna tahadhari moja. Pick-up iliyowahi kugongwa inaweza kuwa na fenda isiyokaa mahali pake, na raba zinazoshikilia kabini juu ya chesisi nazo huchoka na kushuka. Kwa gari kama hilo chukua kipimo cha pili, kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chesisi. Chesisi haiongopi kama bati.

Sasa tuje kwenye ugumu wa springi, ambao ndio unaomuumiza dereva wako kiuno. Kimo na ugumu ni mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. Ugumu hupimwa kwa kilo zinazohitajika kuishusha springi kwa milimita moja, na unaweza kuupata mwenyewe bila mashine yoyote. Azima mifuko 10 ya saruji, kila mmoja kilo 50, jumla kilo 500. Nasisitiza saruji au mbolea ya kiwandani, si viazi, kwa sababu gunia la lumbesa halijulikani uzito wake mpaka lipande mizani, na likishapanda mwenye gunia hukataa kuamini. Ipange mifuko hiyo kwa namna ambayo katikati ya rundo iwe juu ya ekseli ya nyuma, sawasawa kulia na kushoto, kisha lisukume gari na upime tena. Tuseme nyuma ilikuwa milimita 560 likiwa tupu, na sasa ni 516. Limeshuka 44. Kila springi imebeba kilo 250, na 250 ukigawa kwa 44 unapata kilo 5.7 hivi kwa kila milimita.

Namba hiyo ukiwa nayo, unaweza kuliuliza gari maswali. Chini ya chesisi, juu ya ekseli, kuna mpira wa kugotea. Pima nafasi iliyopo kati ya mpira na ekseli gari likiwa tupu. Tuseme ni milimita 110. Ukipakia kilo 800 juu ya ekseli, kila springi itabeba 400 na kushuka milimita 70, nafasi itabaki 40. Kwa barabara ya lami ingetosha. Kwa kona 57 za kushuka Chimala, zikiwa na mashimo ya masika, mimi singependa kuona chini ya 60, kwa sababu ekseli itagota kila shimo na kishindo kitakwenda moja kwa moja kwenye chesisi. Hesabu hiyohiyo irudie kwa springi zako mpya kwa namba utakazozipata wewe, na hapo ndipo utajua kama kweli ni za lori.

Maoni yangu kabla hujapima ni kwamba springi hizo si mbovu, ila zimechaguliwa kwa nusu moja ya safari yako. Gari lako hupanda likiwa tupu na kushuka likiwa limeshiba, kwa hiyo nusu ya kilomita zake zote ni za utupu. Gari la namna hiyo linafaa springi ya hatua mbili, ambayo pleti zake za juu ni laini kiasi na hubeba gari tupu, na chini yake kuna pleti moja au mbili nene zilizonyooka, ambazo hazigusi kitu mpaka mzigo uzidi kiwango fulani. Muulize muuzaji kama anazo za upana wa springi zako. Akikosa, fundi anaweza kutoa pleti moja katika pakiti ya nyuma, moja ya zile fupi za chini, kamwe si ile ya kwanza yenye macho wala ya pili inayoilinda, kisha upime upya kwa saruji ileile. Pua nayo itainuka ukishakuwa na mzigo. Jambo la kukaguliwa ni mwelekeo wa gari likiwa limepakiwa, kwa kuwa ndipo linapohitaji breki na usukani kuliko wakati mwingine wowote. Na kumbuka kwamba springi ngumu haiongezi uwezo wa ekseli, rimu, wala breki. Uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda unabaki uleule hata ukifunga springi za treni.

SWALI: Mimi ni mama mwenye biashara ya mbao hapa Mafinga. Hilux yangu ya zamani, ile yenye ekseli nzima mbele na springi za pleti pande zote, imelala upande wa dereva, karibu inchi moja. Fundi mmoja anasema atazifua springi zirudi kama mpya kwa bei nafuu. Mwingine anasema niagize za mtumba kutoka Dar es Salaam, lakini dukani wananiuliza vipimo nisivyovijua. Nimsikilize nani? — Msomaji, Mafinga.

JIBU: Mama, kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao, hakikisha kwanza kwamba zilizolala ni springi, na kama ni springi, ni za mbele au za nyuma. Upande mmoja ukilala nyuma, mbele nako huonekana kumelala, na wengi wamenunua springi za ekseli isiyo na kosa. Weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, kisha fundi aweke jeki ya magurudumu katikati ya mhimili wa mbele wa chesisi, ainue mpaka matairi ya mbele yakaribie kuacha ardhi, bila mtu yeyote kuingia chini. Sasa mbele gari limekaa juu ya nukta moja na haliwezi kuamua mlalo. Mlalo unaouona unatokana na springi za nyuma peke yake. Likinyooka, tatizo liko mbele. Likibaki limelala, tatizo liko nyuma. Kisha katika ekseli hiyo badilishaneni springi ya kulia na ya kushoto. Mlalo ukihamia upande wa pili, springi ndiyo mkosaji, na ukibaki palepale, kagueni chesisi na raba za kabini, kwa sababu springi mpya hazitaliponya gari hilo. Angalieni kwanza, hata hivyo, kama springi hizo zilitengenezwa tofauti tangu kiwandani. Baadhi ya magari huwekewa springi yenye mpindo mkubwa zaidi upande wa dereva ili kufidia uzito wake.

Kuhusu kufua, nitasema ninavyoona, ingawa nina marafiki wanaoishi kwa kazi hiyo. Chuma cha springi hupata uwezo wake wa kurudi kwa kupitia moto kwa utaratibu: hupashwa hadi nyuzi 850 hivi, huzimwa katika oili, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo wa kati ya nyuzi 400 na 500 ili kisivunjike kama kioo. Fundi anayeiweka pleti kwenye moto wa mkaa, akaigonga ikapata mpindo, akaiacha ipoe juu ya mchanga, amerudisha umbo bila kurudisha ule ugumu. Gari litasimama vizuri siku ya kulipa, na baada ya safari chache za mbao litalala tena, pengine zaidi ya mwanzo. Kuna wanaokunja pleti ikiwa baridi kwa kuigonga hatua kwa hatua, na kazi hiyo hudumu zaidi, ila nayo haiongezi maisha ya chuma ambacho kimekwisha kuchoka. Kama shida ni ya kuvuka msimu mmoja, kubali kukunjiwa baridi. Kama gari ndilo linalolisha nyumba, nunua springi.

Springi za mtumba si mbaya zikichaguliwa kwa jicho. Pitisha kucha katikati ya kila pleti karibu na tundu la bolti ya kati, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Angalia ncha ya kila pleti imechimba kiasi gani kwenye pleti iliyo juu yake. Simamisha springi ya kulia na ya kushoto ubavu kwa ubavu juu ya sakafu, macho yakielekea chini: zikipishana kimo kwa zaidi ya milimita 5 na hazikutengenezwa tofauti, mwachie muuzaji.

Na vipimo wanavyokuuliza ni hivi. Mpe kijana wako aviandike kwenye karatasi wakati springi imevuliwa. Upana wa pleti ndio wa kwanza, kwa sababu Hilux nyingi hutumia milimita 60 na Land Cruiser 70, na usipolingana hakuna kinachoendelea. Halafu urefu kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jicho la pili, ukiilaza futi kamba juu ya pleti ifuate mpindo wake. Baada ya hapo pima kutoka jicho la mbele hadi bolti ya kati peke yake, na kutoka bolti ya kati hadi jicho la nyuma peke yake. Springi nyingi hazigawanyiki katikati sawasawa, na ukisahau kipimo hiki ekseli itakaa mbele au nyuma ya mahali pake na tairi litasugua fenda. Pima pia kipenyo cha ndani cha kila jicho bila bushi. Mpindo hupatikana kwa kunyoosha uzi kutoka katikati ya jicho moja hadi la pili, kisha kupima kutoka kwenye uzi hadi pleti ya kwanza, pale penye bolti ya kati. Mwisho hesabu pleti na upime unene wa kila moja kwa vernia, kile kipimo cha kubana, si kwa rula.

Unene ninausisitiza kwa sababu ndiko muuzaji asiye mwangalifu anakokosea bila kujua. Kwa urefu na upana uleule, ugumu wa pleti hupanda kwa mchemraba wa unene wake. Pleti ya milimita 8 ukilinganisha na ya 7 unaiona kama nene kidogo tu, lakini ni ngumu kwa karibu nusu zaidi. Pakiti yenye pleti tano za 8 ni ngumu kuliko pakiti yenye pleti saba za 7, na anayehesabu pleti bila kuzipima ataondoka dukani akiamini kinyume chake.

SWALI: Fundi, nina Hilux yenye matairi ya 205R16. Rafiki yangu alifunga 265/75R16, gari lake likapanda inchi moja na robo bila kugusa springi. Mimi nataka inchi nne. Nimeambiwa niweke matofali ya chuma chini ya springi za nyuma na sheko ndefu mbele. Inafaa? — Kijana wa Tukuyu.

JIBU: Mdogo wangu, rafiki yako amepima sawa. Tairi la 205R16 lina kipenyo cha milimita 742 hivi na la 265/75R16 lina 804. Tofauti ni 62, na nusu yake, yaani 31, ndiyo inayolinyanyua gari. Ila angepima kutoka habu hadi fenda angepata sifuri, kwa sababu springi haikuinuka. Alichopata ni nafasi chini ya difu, lile tumbo la katikati ya ekseli, nafasi ambayo kwa kweli ndiyo inayotakiwa kwenye matope ya Rungwe, na hakuna springi duniani inayoweza kuongeza nafasi chini ya difu ya ekseli nzima. Kazi hiyo ni ya tairi. Springi huinua chesisi na bodi tu. Ukilielewa hilo, huenda usizitake tena zile inchi nne.

Ukizitaka bado, jua kwamba sheko iliyorefushwa kwa milimita 50 hunyanyua gari kwa 25 tu, kwa kuwa inainua jicho moja huku jicho la pili likibaki pale lilipo. Kwa mbele, kama sheko iko upande wa mbele wa springi, inafanya jambo baya zaidi: inaizungusha ekseli na kupunguza ule mlalo wa nyuma wa mhimili wa usukani, ambao ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Gari linakuwa la kutangatanga njiani. Tofali la chuma nyuma linaongeza umbali kati ya ekseli na springi, hivyo unapokanyaga mafuta kupanda mlima, ekseli huipinda springi kwa nguvu zaidi. Mbele usiliweke kabisa.

Lakini la kukufanya usite ni breki. Chini ya Hilux nyingi, kati ya chesisi na ekseli ya nyuma, kuna fimbo nyembamba iliyounganishwa na valvu ya breki. Gari linapobeba mzigo, bodi hushuka, fimbo husogea, na valvu huruhusu breki za nyuma zipate shinikizo zaidi. Ukiinua bodi kwa inchi nne bila kuirekebisha fimbo hiyo, valvu itaamini kwamba gari halina kitu hata ukiwa umejaza ndizi, na breki za nyuma zitanyimwa shinikizo. Utayagundua hayo mahali pabaya, ukishuka Kitonga nyuma ya lori. Milimita 40 hadi 50, kwa springi kamili, pamoja na shokapu zenye urefu unaolingana, paipu za breki zisizovutika gurudumu linaponing'inia, na fimbo iliyopangwa upya, ndiyo mipaka ninayoweza kukushauri kwa gari linalobeba mazao. Na taa zishushwe, maana zitakuwa zinamulika macho ya wenzako.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Njombe. Nina Land Cruiser ya baada ya 1999, yenye koili mbele na pleti nyuma. Nimefungiwa springi mpya wiki mbili zilizopita. Nyuma inalia kama kitanda cha chuma, na gari ni gumu kuliko nilivyotegemea. Koili za mbele nazo nimezikuta zina waya mnene wa milimita 16 badala ya 15. Je, milimita moja inaweza kuleta tofauti? — Msomaji, Njombe.

JIBU: Inaweza, Mwalimu. Ugumu wa koili hufuata unene wa waya kwa kipeo cha nne. Kama upana wa koili na idadi ya mizunguko ni ileile, 16 kwa 15 inakupa springi ngumu kwa asilimia 29 zaidi. Kama una bampa zito la chuma na winchi mbele, huenda hicho ndicho ulichohitaji. Kama huna, pima habu hadi fenda, na ukiona mbele imesimama juu ya ulivyoagiza, tafuta za 15. Usikubali kukatiwa mzunguko ili gari lishuke, kwa sababu koili yenye mizunguko michache huwa ngumu zaidi, nawe unalalamikia ugumu.

Kuhusu mlio wa nyuma, nadhani najua, kwa sababu nilifanya kosa hilo mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi katika gereji moja. Nilifunga springi gari likiwa juu ya stendi, nikakaza bolti za macho na za sheko kwa nguvu zangu zote za ujana, nikaliteremsha nikijisifu. Raba za bushi zilikuwa zimebanwa springi ikiwa imening'inia, kwa hiyo gari liliposhuka zilijikunja, zikabaki zimejikunja mchana na usiku, zikawa zinafanya kazi ya springi juu ya kazi yake. Gari likawa gumu na kulia, na baada ya miezi michache raba zikapasuka. Mwenye gari alirudi nazo kiganjani akazimimina mezani mbele ya bosi.

Kwa hiyo rudi kwa fundi wako. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, alegeze bolti za macho yote na za sheko mpaka zigeuke kwa mkono, alitikise bodi mara kadhaa, alisukume mita chache mbele na nyuma, kisha akaze likiwa chini palepale. Aangalie pia kama yuboliti alizofunga, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, ni mpya. Za zamani zimekwisha vutika mara moja na hazishiki tena ipasavyo. Zikiwa mpya, zikazwe upya baada ya kilomita 500, kwa sababu pleti mpya hujipanga na kuziacha zikiwa na ulegevu. Springi zenyewe nazo zitashuka kidogo katika kilomita elfu moja za mwanzo, hivyo vipimo vya leo viandike kwa kalamu ya risasi, na vile vya baada ya kilomita elfu moja uviandike kwa wino.